Aliyeileta Aonje

Bibiana aliufagia uwanja, akaumaliza, akaurudia tangu mwanzo.

"Utachimba kisima hapo," mama yake, Helena, alimwambia kutoka jikoni. "Uwanja umekukosea nini, mwanangu?"

"Majani, Mama."

"Majani gani? Mimi naona mchanga una mistari kama kichwa kilichosukwa leo. Weka ufagio ukaoge. Mgeni akikukuta hivyo atadhani tumekuajiri."

Bibiana akauegemeza ufagio ukutani, akauchukua tena, akauhamishia upande wa pili wa mlango bila sababu yoyote. Mikono yake haikutaka kukaa bure. Tangu alfajiri, ukungu wa Newala ulipokuwa bado umeilalia mikorosho, roho yake ilikuwa juu juu. Alichemsha chai akasahau kutia majani. Alitoa gauni la bluu sandukuni, akalirudisha, akatoa la maua, akalirudisha, akalitoa tena lile la bluu. Yeye ambaye darasani alisimama mbele ya watoto wanaojaa hadi mlangoni akatulia tuli na chaki yake mkononi, leo alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Erasto alikuwa anakuja.

Karibu mwaka mzima ulikuwa umepita bila kumtia machoni. Erasto alikuwa fundi wa pampu za maji katika karakana moja ya Ndanda, na kanisa lilimtafutia nafasi ya kwenda Ulaya kujiendeleza. Walijuana Masasi, kwenye kibaraza cha sokoni ambapo Theodora, dada mkubwa wa Bibiana, alishona nguo kwa cherehani, na Bibiana alikuwa akimtembelea kila Jumamosi. Erasto alileta ovaroli lililochanika. Jumamosi iliyofuata akalileta tena limechanika. Na iliyofuata. Mpaka Theodora akamtazama juu ya miwani, akasema, "Shemeji, hili halichaniki kazini. Unalichana mwenyewe. Mdogo wangu yupo ndani, ingia umsalimie, uniachie uzi wangu."

Sasa alikuwa amerudi, na leo angekaa mbele ya Mjomba Nikolao.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Baba yake, mzee Fortunatus, ambaye wote walimwita Baba Dastani, hakuwa na neno. Yeye ukimpa mtu mcheshi na kiti cha kukalia, siku yake imekamilika. Lakini kwa Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na mambo ya kuolewa ni ya mjomba. Baba anaweza kupenda, mama anaweza kulia, ila mjomba akitikisa kichwa, shughuli imekwisha. Na Mjomba Nikolao alikuwa na mtu wake. Tangu biashara ya korosho ilipoachiwa watu binafsi, wanunuzi walikuwa wakimiminika uwandani kila msimu, na mmoja wao, mwenye pikapu na nyumba ya bati huko Tandahimba, alikuwa ameshamuuliza habari za binti.

"Nitamwona huyo fundi wenu kwanza," Mjomba alikuwa amesema. "Akinipendeza, nitasema. Asiponipendeza, nikirudi Tandahimba ninampa yule mwenzake jibu. Bibiana hawezi kukaa akingoja watu wa bondeni."

Watu wa bondeni ni watu wa Masasi. Ukiwa juu ya uwanda wa Newala, kila mtu yuko bondeni.

Kulikuwa na jambo jingine lililomnyima usingizi, na hili hakuwa amemwambia mtu yeyote nyumbani. Theodora alikuwa ameolewa kwa harusi kubwa, akarudi kwa mama yake na sanduku moja na jino limevunjika. Mumewe alikuwa mtu mzuri mpaka afungue chupa. Siku zile Bibiana alikuwa chuo cha ualimu, akaja likizo, akamkuta dada yake amekaa ukutani hasemi. Hakusahau, hata baada ya Theodora kuhamia Masasi na cherehani yake. Ndiyo maana Erasto alipomtamkia kwamba anampenda, pale barabarani chini ya milima ya mawe ya Masasi, yeye aliyeona haya hata kuomba chumvi kwa jirani alimjibu, "Siolewi na mtu anayekunywa. Hata kidogo. Hata sikukuu."

Erasto hakuwa mlevi. Alikuwa kijana kama vijana wengine. Msimu wa mabibo ukifika, uraka, pombe yake, hakuuacha umpite. Alisimamisha baiskeli, akasema, "Basi tangu leo." Hakuuliza sababu wala hakubishana. Akaapa, akaendelea kusukuma baiskeli.

Na Bibiana hakuweza kulisema hilo nyumbani, kwa kuwa mume wa Theodora aliletwa na Mjomba Nikolao mwenyewe.

*

Alimwona kabla hajafika. Alikuwa anatoka upande wa stendi, shati jeupe, begi begani, amekumbatia boksi refu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alikuwa amenenepa kidogo. Mwendo ulikuwa uleule, wa mtu anayehesabu kokoto.

Bibiana aliruka kutoka mlangoni. Akarudi nyuma ya pazia.

"Hodi hapa."

"Karibu, karibu!" Baba yake alikuwa wa kwanza kusimama. "Karibu, Ulaya! Tupishe, Mama Dastani, mtu asijikwae."

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," aliitikia Mjomba Nikolao bila kunyanyuka. Alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mikono, kofia ya pama juu ya goti, macho membamba yanamsoma Erasto kuanzia viatu. "Umepanda mlima salama?"

"Salama, Mzee. Gari lilichemka njiani mara moja tu."

"Magari ya bondeni hayo. Hayajui kupanda."

Baba Dastani akacheka. Erasto naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa yameshapita mabega ya wazee, yanatafuta. Yakalifikia pazia. Pazia likatikisika. Bibiana akatoka na sinia la korosho za kukaanga, kichwa chini, akapiga goti kuwasalimu, na alipolinyanyua sinia kumpelekea mgeni, vidole vyao vikagusana chini ya ukingo wake.

"Habari za siku nyingi, Mwalimu," Erasto alisema kwa sauti ndogo.

"Nzuri," alijibu. Basi. Maneno yote aliyoyapanga wiki nzima yalimkimbia, likabaki hilo moja. Lakini aliinua macho kidogo tu, kiasi cha kope, na alichokiona kwenye macho ya Erasto kilimfanya amwage korosho mbili chini.

"Sinia lina homa leo," Mjomba alisema.

Bibiana akaenda kusimama mlangoni, sinia limebaki mkononi.

Mazungumzo yalianza taratibu. Korosho za mwaka huu. Barabara. Afya ya mama yake Erasto, ambaye alikuwa Mmakua wa vijiji vya Masasi na alikuwa amesumbuliwa na miguu. Kisha Baba Dastani hakuweza kuvumilia tena.

"Hebu tuambie. Huko Ulaya ulikaa kwa nani?"

"Nilikaa Welsi, Baba. Kwa mzee mmoja fundi, anaitwa Gwilym."

"Welsi ndiyo Uingereza?" aliuliza Mjomba.

"Wako jirani, Mzee, ila ukiwaambia hivyo wananuna. Wana lugha yao. Wakiisema, Mwingereza anabaki amekodoa macho."

"Kumbe Wazungu nao wana makabila!" Baba Dastani alipiga goti. "Unasikia, Mama Dastani? Kama sisi na hawa wa bondeni!"

"Na wanaishi milimani," Erasto aliendelea, akichangamka. "Milima na kondoo. Na mvua. Mvua inanyesha kila siku mpaka watu wanaichoka, wanailalamikia."

Helena alikuwa anapita na ndoo. Akasimama. Kwa mwanamke wa Newala, aliyekulia kushuka makorongo usiku kwa usiku kutafuta maji, jambo hilo lilikuwa la kusikitisha. "Wanailalamikia mvua," alirudia polepole. "Mungu awasamehe."

Watu wakacheka, hata Mjomba pembe ya mdomo ilimcheza. Bibiana pale mlangoni akashusha pumzi. Mambo yalikuwa yanakwenda. Erasto naye, masikini, aliona mlango umefunguka, akachukua lile boksi.

"Sikutaka kuja mikono mitupu mbele yako, Mzee. Mzee Gwilym aliniambia mkwe anapelekewa kilicho bora cha kwao. Hii ni wiski ya kwao Welsi."

Akaitoa chupa. Ilikuwa ndefu, nyembamba, na ndani yake kitu chenye rangi ya asali iliyochujwa. Jua la alasiri likaingia humo, likaangusha doa la dhahabu kwenye sakafu ya baraza. Baba Dastani akasogeza kiti.

"Wametia nini kupata hiyo rangi?"

"Hawatii kitu, Baba. Imelala ndani ya pipa la mti. Miaka."

"Miaka!" Baba Dastani alimtazama shemeji yake. "Miaka, Shemeji, na hakuna mtu aliyekuja kuchungulia? Hapa nipa ikishakenekwa haifiki Jumapili."

"Mama Dastani, leta kikombe," alisema Mjomba.

Helena akaleta kikombe kimoja cha bati, maana kwao kinywaji huanza na kikombe kimoja, hata wanywaji wawe wengi vipi. Erasto akaivunja chupa kizibo, kikalia kr-r-r, akamimina kidogo. Harufu ikatawanyika barazani, kali na tamu kwa pamoja. Akainuka, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akakipeleka mbele ya Mjomba Nikolao na kuinama.

Mjomba hakukipokea.

"Kwanza wewe," alisema.

Bibiana akalikumbatia sinia. Iweje wote wawili hawakuliwaza hili? Walikuwa wamezaliwa na kukulia huku huku.

"Mzee," Erasto alisema, tabasamu bado limemganda usoni, "hii imefungwa kiwandani. Kizibo nimekivunja mbele yako sasa hivi."

"Kizibo nimekiona. Wewe ndiye sijakuona." Mjomba aliegemea kiti. "Kwetu pombe anaionja kwanza aliyeileta, au mtu wa nyumba yake. Ukileta uraka, unaonja. Ukileta nipa, unaonja. Wewe hukuja na shangazi wala dada, umekuja peke yako. Basi onja, utuondoe wasiwasi wa sumu, tunywe."

"Onja tu, mwanangu," Baba Dastani alisihi. "Koo langu limeshasikia habari."

Erasto alibaki ameinama, kikombe katikati yao. Kisha akanyooka.

"Mimi sinywi, Mzee."

"Hunywi?"

"Sinywi."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umeokoka?"

"Hapana, Mzee. Ni Mkatoliki."

"Mkatoliki!" Baba Dastani alipaliwa na korosho. "Mbona padri mwenyewe anakunywa altareni!"

Mjomba Nikolao alikuwa ameacha kuegemea.

"Nikuulize vizuri," alisema. "Umebeba chupa kutoka Ulaya. Umevuka nayo nchi na nchi. Umeipandisha mlima kwenye gari linalochemka. Umeniletea mimi, nitie mdomoni kitu ambacho wewe mwenyewe hukitii kwako. Kwa nini?"

Hapo ndipo macho ya Erasto yalipokwenda mlangoni. Yalikwenda na kurudi, kufumba na kufumbua. Bibiana aliyaona. Alijua wazi kilichokuwa ndani yake: angeweza kusema, *Niliapa kwa Bibiana*, na sentensi hiyo ingemtoa yeye shimoni na kumtumbukiza binti. Msichana ambaye hajaolewa anampa mwanamume masharti! Na sababu ya masharti ni ndoa aliyoileta mjomba wake!

"Ni uamuzi wangu, Mzee," Erasto alisema.

"Uamuzi wako."

"Ndiyo. Nisamehe. Nilidhani ni zawadi tu."

"Mtu anayeleta kinywaji akakataa kukionja," Mjomba alisema polepole, "kwetu tunaelewa maana yake."

"Kaka!" Helena alishtuka.

"Siyo mimi, Helena. Ndivyo wewe na mimi tulivyolelewa. Baba yetu asingemngoja hata aketi." Alichukua kofia kwenye goti, akaikung'uta vumbi ambalo halikuwepo. "Kijana, ahsante kwa habari za kondoo. Nyumbani wasalimie. Mimi nina gari la kuwahi Tandahimba."

Akaanza kuinuka.

Kwa Bibiana kila kitu kilipungua kasi. Aliona mkono wa mjomba unakandamiza mkono wa kiti. Aliona pikapu ya Tandahimba imeegeshwa hapo kwenye uwanja alioufagia. Erasto akamtazama tena, safari hii hakujificha, na macho yake yaliuliza waziwazi: *Ninywe?*

Ilikuwa rahisi mno. Tone moja. Nani angekufa? Angeinamisha macho tu, naye angeelewa, angemeza, Mjomba angekaa, na maisha yao yangeanza. Bibiana akayainamisha macho.

Akasikia Erasto anavuta pumzi. Alipotazama, kikombe kilikuwa kinapanda kwenda kinywani, na ule mkono, mkono wa fundi uliozoea kushika vyuma vizito bila kuyumba, ulikuwa unatetemeka mpaka wiski inagonga kingo za bati. Hakuwa anatetemeka kwa kumwogopa Mjomba. Bibiana alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Alikuwa anavunja kitu alichokibeba mwaka mzima kwenye baridi ya nchi ya watu, peke yake, bila mtu wa kumwona, na alikuwa anakivunja kwa sababu yeye Bibiana amemwambia akivunje.

"Subiri," alisema.

Hakuna aliyesikia. Sauti yake haikuzoea kufika mbali.

"Subiri!"

Sinia likaanguka. Korosho zikatawanyika barazani. Bibiana akapita katikati yake, akamfikia Erasto, akakichukua kikombe kutoka mikononi mwake. Mikono yake yeye, iliyohangaika tangu alfajiri, ilikuwa imetulia. Akapiga goti mbele ya mjomba wake kama inavyopasa, akakinyanyua kikombe ili kila mtu aone, akanywa.

Hakuwa ameonja kileo maishani mwake, hata uraka wa kwanza ambao watoto hulambishwa. Moto ulishuka kifuani, machozi yakamtoka, akakohoa mpaka mama yake akamkimbilia kumpiga mgongoni. Lakini hakukitua kikombe. Alipopata pumzi, alikishika kwa mikono miwili na kukipeleka kwa Mjomba Nikolao.

"Imeonjwa, Mjomba. Karibu."

Kuku walisikika nyuma ya nyumba.

"Bibiana," Mjomba alisema. Alikuwa bado nusu amekaa, nusu amesimama. "Unajua ulichokifanya?"

"Najua, Mjomba."

"Nimesema aonje aliyeileta, au nani?"

Shingo ya Bibiana ilikuwa inawaka kuliko koo. Ardhi ingepasuka hapo angeshukuru.

"Au mtu wa nyumba yake," alijibu.

"Yesu na Maria," Helena alinong'ona, akakaa chini kwenye korosho.

"Na mimi mjomba wako niko hapa? Sijatamka neno, sijapokea mahari, umeshahama?"

"Sijahama, Mjomba. Ningehama nisingepiga goti." Maneno yalikuwa yanatoka sasa, na akaona asipoyatoa leo hatayatoa kamwe. "Anatimiza kiapo. Mimi ndiye niliyemwapisha asinywe. Yeye amenyamaza ili usinikasirikie. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi."

"Ulimwapisha kwa nini?"

Aliinama. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo ni Mjomba peke yake aliyeihitaji, "Dada Theodora."

Mjomba Nikolao akakaa.

Alikaa kama gunia linavyotuliwa. Kofia ikamponyoka, ikabingiria mpaka miguuni pa Baba Dastani, na Baba Dastani, mtu wa mzaha, aliiokota akaishika bila kusema lolote. Jina hilo lilikuwa halijatajwa mbele ya Mjomba tangu Theodora aliporudi. Wote walimkwepesha nalo, kwa heshima. Yeye naye alikuwa akipita Masasi anazunguka soko kwa nyuma ili asikutane na kile kibaraza cha cherehani.

"Hajambo?" aliuliza hatimaye. Hakumwuliza mtu.

"Hajambo, Mzee," Erasto ndiye aliyejibu. "Nimepita kwake asubuhi. Amekushonea shati. Anasema hajui kama utalivaa, kwa hiyo hajalituma."

Mjomba alitazama nje, kwenye uwanja wenye mistari. Kisha akanyoosha mkono, akakipokea kikombe, akanywa. Akalishikilia funda moja mdomoni, akalimeza. Nyusi zikapanda.

"Hii siyo pombe ya kuleta fujo," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Inakuingia kama mtu mwenye adabu." Akampa Baba Dastani kikombe. "Onja, Shemeji, kabla hujalia."

Baba Dastani alionja, akafumba macho, akasema kwa heshima kubwa, "Miaka."

"Wewe kijana."

"Naam, Mzee."

"Umemwachia mwanamke akunywee."

"Ndiyo, Mzee."

"Huoni haya?"

"Naona, Mzee. Ila nikiangalia alivyosimama, naona haya kidogo na furaha nyingi."

Helena akaficha uso kwenye kanga. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka.

"Sijasema ndiyo," Mjomba alionya, kidole juu. "Msianze kupiga vigelegele hapa. Nitapita Masasi kwanza. Nina shati la kuchukua. Baadaye mzee wako wa ukoo aje, tuongee kama watu. Na aje mikono mitupu! Akija na chupa tutarudi palepale."

*

"Msindikize mgeni," Helena alisema. "Mpaka barabarani tu. Ninawaona."

Walitembea na nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Harufu ya mabibo yaliyoiva ilikuwa imejaa njiani. Bibiana alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Ujasiri wote ulikuwa umebaki kule barazani, akarudia kuwa yuleyule wa siku zote, mikono haijui pa kukaa. Mjomba hakuwa amesema ndiyo. Na kama atafika Masasi, Theodora akamgeuzia kisogo? Na kama yule wa Tandahimba atamwahi njiani?

"Ningekunywa," Erasto alisema ghafla. "Ulipoinamisha macho. Ningekunywa kweli."

"Najua. Nimekuona."

"Kwa nini usiniache?"

Alifikiri hatua kadhaa. "Ungekunywa kwa ajili yangu. Kesho ungekunywa kwa ajili ya mkubwa wako wa kazi. Keshokutwa kwa ajili ya jirani. Kila mara kungekuwa na mtu wa kumheshimu." Akapiga kokoto kwa kidole cha mguu. "Na mkono wako ulikuwa unatetemeka. Sikupenda kuwa mimi niliyeutetemesha."

Walifika barabarani. Mbali kwenye kona, gari la Masasi lilikuwa linapakia magunia.

"Mwalimu."

"Bee."

"Nimeibeba ile chupa safari yote ile. Nililala nayo kiwanja cha ndege, nimeikumbatia. Ina ladha gani?"

Bibiana aliinua uso, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama bila kukimbia. "Mwanzo ni kama zabibu kavu za kwenye keki. Halafu moto. Halafu ukishajua kwamba umekufa, unabaki na kitu kama mbao mpya. Kama karakana yenu."

"Na bado iko?"

"Iko. Kwenye midomo, hasa."

Alilisema kwa ukweli wake tu, kama mwalimu anayejibu swali, na ni pale alipomwona Erasto amesogea, ile nafasi ya mtu mmoja imekwisha, kichwa chake kimeinama kuelekea wake, ndipo alipoelewa alichokisema. Damu ikampanda masikioni. Gari lilipiga honi. Akaweka kiganja kifuani mwa Erasto, pale moyo ulipokuwa unagonga kama pampu, akamsukuma taratibu.

"Usithubutu."

"Mama anatuona?"

"Mama amegeuka zamani. Ni kiapo chako. Nina wiski mdomoni, Erasto, ukinigusa, umeonja."

Erasto alibaki mdomo wazi, kisha kicheko kikamtoka hata kondakta akageuka. "Unaniua, mwanamke! Sasa nifanye nini?"

Bibiana alikuwa ameshaanza kurudi nyuma, kiganja kimefunika midomo, macho yake tu ndiyo yanayocheka.

"Lete wazee wako," alisema. "Siku hiyo nitakuwa nimepiga mswaki."